Mdogo wangu aliniomba nimchagulie plaje

Ujumbe ulinifikia Jumamosi asubuhi nikiwa kwenye bandari ya Kalundu, hapa Uvira. Nilikuwa nimekwenda kuuliza bei ya ndagala na kujua kwa nini wavuvi wa usiku walirudi mapema. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikaona ni sauti ya mdogo wangu aliye Ubelgiji, dakika tatu nzima, na moyo ukanipiga. Kwetu, sauti ndefu ya asubuhi mara nyingi ni habari ya msiba.

Kumbe hapana. "Yaya, habari ya huko? Mama anaendeleaje na mguu? Sikia, watoto wanataka bahari. Wenzao wote darasani wanasimulia bahari. Bwana yangu amepata likizo ya siku kumi mwezi wa nane. Nimekutumia majina ya plaje. Wewe ulikulia ndani ya maji, nichagulie."

Nilicheka peke yangu mpaka mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu akaniuliza kuna nini. Nikamweleza kwamba mdogo wangu yuko Bulaya, anataka kupeleka watoto kuoga baharini kwenye kisiwa, na amenipa mimi kazi ya kumchagulia ufuko. Yule mzee hakucheka. Alisema tu, "Mwambie aulize kwanza upepo unatoka wapi." Akaendelea na wavu wake.

Nikafungua ile orodha. Mallorca, kisiwa cha Hispania. Sicily, kisiwa cha Italia. Krete, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki. Na chini kabisa, peke yake, bila maelezo, jina la nne: Lesbos.

Hapo nikaacha kucheka.

Wapendwa wasomaji, na ninyi mnaotusikiliza, inafaa niwaeleze kwa nini jina hilo lilinikata maneno. Mwezi wa kumi mwaka 2019 mdogo wangu alifika Lesbos usiku, ndani ya mtumbwi wa mpira uliojaa watu, akitoka upande wa Uturuki. Mgongoni alikuwa amefunga mtoto wa miaka miwili. Maji yanayotenga Uturuki na upande wa kaskazini wa kisiwa hicho si mapana, ni karibu kilomita 10. Sisi hapa Uvira tukitazama Bujumbura ng'ambo ya ziwa, umbali unazidi huo mara mbili. Lakini ilikuwa usiku, na moteri ilizimika katikati, na maji yakaanza kuingia. Alilipa dola 800 kwa kichwa chake ili apate nafasi ya kukaa ndani ya hofu hiyo.

Tangu usiku ule hajaingia tena kwenye maji yanayopita kifundo cha mguu. Mtoto yule leo ana miaka minane. Amejifunza kuogelea, kwa sababu kule Ubelgiji shule zinapeleka watoto kwenye bwawa. Hakumbuki kitu, na hakuna aliyemweleza. Anachojua ni kwamba alizaliwa Uvira na kwamba alikwenda Bulaya kwa ndege.

Jioni nilinunua unite nikampigia. "Kwa nini umeandika Lesbos?"

Akanyamaza kidogo. "Nimeandika tu, yaya. Ukitaka, uifute."

Sikuifuta.

Nilisita sana kabla ya kuandika habari hii. Wengi mnaonisoma mnalala kwenye madarasa, kwenye makanisa, kwenye nyumba za watu, au ng'ambo kwenye kambi za Burundi. Mtasema, huyu amekosa la kuandika mpaka anatuletea likizo za watu wa Bulaya? Nilimweleza wasiwasi huo mama mmoja aliyekimbia kutoka bonde la Ruzizi na watoto watano, mmoja wa wasikilizaji wetu wa kila siku. Akaniambia, "Andika. Unadhani sisi hatukuwa na plaje? Jumapili baada ya misa tulikuwa tunakwenda ziwani na watoto na sufuria ya wali. Mimi nataka kujua walichagua wapi."

Basi mama, sikia namna tulivyochagua.

Nilianza na yale ninayoyajua. Mtoto wa Uvira anafundishwa kuchagua mahali pa kuoga kabla hajajua kusoma. Swali la kwanza ni la upepo. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unalifuata ziwa letu kwa urefu wake wote, na mawimbi yanakuja kumalizikia kwetu huku mwisho wa kaskazini. Asubuhi maji yamelala, mchana yameamka. Swali la pili: chini ya maji kuna nini? Mchanga, mawe, tope, au shimo? Swali la tatu: nani anakaa humo? Sisi tuna kiboko na mamba, na kila mama wa Kavimvira anajua saa ambazo mtoto hapaswi kuwa pembeni ya maji. Wale waliotoka upande wa Goma na Sake wana swali jingine, la hewa yenyewe. Wanajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kutulia mahali pa chini, isiyo na rangi, inayoweza kumwua mtoto aliyeinama kuokota kitu. Swali la mwisho: kukitokea tatizo, nani ataona?

Nilimwambia mdogo wangu, tuyapeleke maswali hayo hayo kwenye visiwa vyako.

Tukaanza na Mallorca, kwenye ufuko mrefu wa Alcúdia wenye maji mafupi, lakini shemeji aliuliza bei ya vyumba vya mwezi wa nane akafunga ukurasa. Sicily kuna Mondello, karibu na mji wa Palermo. Pazuri, lakini ni plaje ya mji mkubwa, na siku za joto watu wote wa mji wanashuka huko. Krete ilitushika muda mrefu zaidi, kwa sababu ya Elafonisi. Mchanga wa pale una rangi ya waridi kidogo, na mtoto anaweza kutembea mbali sana maji yakimfikia magotini tu. Shemeji alikuwa upande wa Krete. Mimi pia nilikuwa upande wa Krete. Mdogo wangu alikuwa anasema "ndiyo, ni pazuri," kwa sauti ile ile ambayo mama anatumia kukubali chakula asichokitaka.

Siku ya nne akaniandikia usiku sana: "Yaya, niambie ukweli. Kama ningekuwa sijapita kule, ungenichagulia nini Lesbos?"

Nikajua kwamba hilo ndilo lilikuwa swali tangu mwanzo. Nikaanza kukisoma kisiwa hicho kana kwamba sijawahi kukisikia.

Lesbos si kisiwa kidogo. Ni cha tatu kwa ukubwa kati ya visiwa vya Ugiriki, kina kilomita za mraba zaidi ya 1,600, na miti ya zeituni imefunika vilima vyake. Mji mkubwa ni Mytilene, upande wa mashariki. Mimi kwa miaka nilikuwa najua majina mawili tu ya kisiwa chote: kijiji cha Skala Sykamnias, mahali alipotokea majini, na Moria, mahali alipofungiwa. Kambi ya Moria ilijengwa kwa watu wasiofika 3,000, na mwanzoni mwa mwaka 2020 ilikuwa na watu karibu 20,000, pamoja na wale waliolala chini ya mizeituni kuizunguka. Wakongo walikuwa wengi humo. Mdogo wangu alikuwa humo usiku ule wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne mwaka 2020, mto Mulongwe ulipovunja kingo hapa Uvira na kubeba nyumba ya mama yetu. Nakumbuka tulikuwa tunaulizana kwa simu, yeye kwenye hema la kambi na mama kwenye darasa la shule, nani kati yao alale wapi. Mwezi wa tisa mwaka huo huo Moria iliungua. Walilala barabarani siku kadhaa, kisha wakapelekwa kwenye kambi mpya iliyojengwa pembeni kabisa ya bahari. Kwa hiyo alikaa miezi mingi hatua chache kutoka majini, mahali ambapo mtalii angesema ana bahati. Hakuwahi kupaita plaje.

Baadaye alipata makaratasi, akaolewa na Mkongo mwenzetu wa Ubelgiji, akazaa mtoto wa pili. Hayo ni marefu, niyaache.

Turudi kwenye fukwe, kwa sababu Lesbos ina fukwe nyingi, na hazifanani.

Kaskazini kuna mji wa zamani wa Molyvos wenye ngome juu ya kilima. Ni mji mzuri wa kutazama, lakini ufuko wake una kokoto, na mtoto mdogo analia akitembea pekupeku. Pembeni yake ni Eftalou, yenye maji ya moto yanayotoka ardhini na nyumba ya kuogea ya zamani. Petra, hatua chache kusini, ina mchanga, mikahawa, na kanisa juu ya mwamba mkubwa lenye ngazi 114 za kupanda. Kwa familia, Petra ingefaa. Magharibi kuna Skala Eressou, ufuko mrefu wa mchanga mweusi mweusi. Wanasema mshairi wa kale Sappho alizaliwa maeneo hayo, na wageni wengi, hasa wanawake, wanakwenda kule kwa sababu yake. Mchanga mweusi unashika jua, mchana unaunguza nyayo. Kusini kuna Agios Isidoros karibu na Plomari. Pale maji ni safi kama kioo, lakini chini ni kokoto na kina kinaingia haraka. Kwa mtu mzima anayejua kuogelea, pazuri. Kwa mtoto wa miaka minne, hapana.

Na kusini pia kuna Vatera. Karibu kilomita 8 za mchanga, mfululizo, bila mji mkubwa nyuma yake. Maji yanaongezeka kina polepole.

Nikakumbuka mzee wa Kalundu na wavu wake. Upepo unatoka wapi? Nikatafuta. Kwenye bahari ile, mwezi wa saba na wa nane, kuna upepo wa kaskazini unaoitwa meltemi. Mbingu ni safi kabisa, hakuna wingu, na bado upepo unaweza kuvuma siku tatu au nne bila kuchoka. Mgeni anadanganyika na jua, anadhani hali ya hewa ni nzuri. Fukwe zinazotazama kaskazini ndizo zinazopokea mawimbi yake, na zile za kusini zinakingwa na milima ya kisiwa. Ni kinyume cha kwetu. Kwetu kiangazi kinaleta upepo kutoka kusini, kwao kutoka kaskazini. Lakini akili ya mzee ni ile ile: mpe upepo mgongo wa kisiwa, wewe kaa upande wa pili.

Nikamwandikia: "Vatera. Mchanga, maji mafupi, kusini, upepo hautawasumbua sana. Asubuhi muoge, mchana mkae kivulini."

Nikaongeza mambo mengine, maana mkubwa akiombwa ushauri hawezi kuishia hapo. Kwamba pembeni ya mawe kunakaa kinyama cha mviringo chenye miiba myeusi, ambacho mtu akikikanyaga miiba inavunjikia ndani ya nyayo, kwa hiyo watoto wavae viatu vya mpira karibu na miamba. Kwamba bendera nyekundu ikipandishwa hakuna kujadiliana na watoto. Kwamba maji ya chumvi yanambeba mtu kuliko maji ya ziwa, na mtoto aliyezoea bwawa anaweza kujiona hodari kuliko alivyo. Kwamba asiogope wenye viti na miavuli. Kwa sheria ya Ugiriki ufuko ni mali ya umma, na sheria ya mwaka 2024 inawalazimisha wanaokodisha viti waache walau nusu ya ufuko wazi, na wasiweke viti karibu na maji chini ya mita nne. Mtu yeyote anaweza kutandika kitambaa chake bila kulipa. Hilo lilimfurahisha kuliko yote. Akasema, "Kwa hiyo hata sisi tuna haki ya kukaa pale." Nikasema ndiyo, hata sisi.

Kuna jambo jingine nililolipata nikisoma, na nilifikiri mara mbili kabla ya kumtumia. Nyuma ya Vatera kuna kijiji kinaitwa Vrisa. Tarehe 12 mwezi wa sita mwaka 2017 tetemeko la ardhi lilibomoa sehemu kubwa ya nyumba zake za mawe, na wakaaji wakatoka na nguo walizovaa. Nilimtumia. Akajibu kwa neno moja: "Kama Mulongwe." Baadaye akaandika tena, "Basi tutakuwa na majirani wanaotuelewa."

Walikwenda. Ndege mpaka Athens, kisha meli kubwa ya usiku kutoka bandari ya Piraeus mpaka Mytilene, safari ya karibu saa kumi na mbili. Shemeji alichagua meli kwa sababu ya bei, bila kufikiria. Mdogo wangu alinitumia sauti usiku huo, kelele za injini nyuma yake. Alikuwa amekwenda kuuliza wafanyakazi wa meli wapi zinawekwa jile za kuelea, akahesabu hatua kutoka kiti chao mpaka pale, kisha akarudi akahesabu tena. Mtoto mkubwa akamcheka: "Mama, hii meli ni kubwa kama shule!" Alisema hakulala. Lakini alisema pia kwamba alfajiri alitoka nje na kuona kisiwa kinakuja polepole, na watu wanakunywa kahawa, na hakuna aliyekuwa anapiga kelele.

Siku nne za kwanza Vatera zilikuwa siku za kawaida, na nawaambia, hiyo ndiyo habari njema kubwa. Mtoto mdogo alikula mchanga. Mkubwa alipoteza miwani ya kuogelea, ikapatikana, ikapotea tena. Shemeji aliungua mabega, maana sisi watu weusi tunajidanganya kwamba jua halituoni. Mdogo wangu alikuwa anakaa kwenye kitambaa, nguo zote mwilini, akiwahesabu watoto kila dakika kama mtu anayehesabu feza za wengine.

Siku ya tano akamwambia mume wake, "Nipeleke kule."

Walikodi gari, wakavuka kisiwa kutoka kusini mpaka kaskazini kwa njia ya milima. Skala Sykamnias ni kijiji kidogo cha wavuvi. Kuna bandari ndogo, mitumbwi ya rangi, meza za mkahawa, na kanisa dogo jeupe juu ya mwamba mdomoni mwa bandari. Hicho ndicho kijiji ambacho mwaka 2015, wakati watu karibu nusu milioni walipopitia Lesbos, wavuvi walikuwa wanaacha nyavu zao kwenda kuwavuta watu majini. Kuna picha ya mwaka huo iliyozunguka dunia: bibi watatu wamekaa kwenye benchi, mmoja anamnywesha mtoto mchanga maziwa kwa chupa, mtoto wa mkimbizi aliyetoka majini. Mmoja wa bibi hao, Emilia Kamvysi, alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2016. Mama zao bibi hao nao walifika pale kama wakimbizi, kutoka ng'ambo hiyo hiyo, mwaka 1922, Wagiriki walipokimbia Uturuki. Watu wengi wa kisiwa hicho ni wajukuu wa watu waliovuka maji yale wakikimbia.

Mdogo wangu alifika pale usiku mwaka 2019, wakati picha hiyo ilikuwa imeshasahauliwa na wengi, na wenyeji wengine walikuwa wamechoka. Hata hivyo anakumbuka mikono iliyomshika, na blanketi la rangi ya dhahabu linalolia kama karatasi. Hakuona nyuso. Hakuona maji. Ndiyo sababu alitaka kurudi, aliniambia. "Miaka yote nikifumba macho naona maji meusi. Nilitaka kujua yana rangi gani."

Aliyakuta ya buluu, na karibu na ufuko ya kijani, na yanaonyesha mawe ya chini moja moja.

Mtoto mkubwa alisimama kwenye kokoto akatazama mbele. Uturuki inaonekana pale kama sisi tunavyoona Burundi, na karibu zaidi. Akauliza, "Ile ni nchi gani?"

"Uturuki."

"Tulishafika kule?"

Shemeji alianza kujibu, mdogo wangu akamshika mkono. Akasema, "Ndiyo. Mimi na wewe. Tulitoka kule tukaja hapa kwa mtumbwi, ulikuwa mdogo. Hatukuja kwa ndege. Nilikudanganya."

Anasema mtoto alikaa kimya muda mrefu, akipima kwa macho kutoka ng'ambo mpaka miguuni kwake. Kisha akauliza swali moja tu. "Nililia?"

"Hapana. Ulilala."

"Wewe ulilia?"

"Mimi nililia."

Mtoto akavua viatu, akaingia majini mpaka magotini, akageuka, akamnyooshea mkono mama yake. Mdogo wangu aliingia na sketi yake. Hakuogelea, msidhani. Alifika magotini, akasimama hapo na mtoto, mpaka maji yakaanza kuwa baridi kwenye miguu, akatoka. Kisha walikwenda mkahawani wakala samaki wa kukaanga, na mtoto mdogo akamwaga limonadi.

Sauti hiyo nilimpelekea mama. Aliisikiliza mara mbili, simu sikioni, mguu mgonjwa juu ya kiti. Nilingoja aseme neno kubwa. Akasema, "Mwambie afunike kichwa. Jua la kule halina huruma." Kisha akaomba aisikilize mara ya tatu.

Ndugu zangu, namaliza na mambo mawili.

La kwanza ni kwa vijana, kwa sababu nawajua. Mtasikia kwamba mtu wetu amekwenda kula likizo Lesbos, na mtadhani njia yake ilikuwa nzuri. Sikilizeni vizuri. Kutoka mji wa Ayvalik, upande wa Uturuki, kuna kivuko cha halali mpaka Mytilene. Mtu mwenye visa anapanda akiwa na koti lake na anafika kabla ya chakula cha mchana. Mdogo wangu alivuka maji hayo hayo usiku kwa dola 800 na hajalala vizuri tangu siku ile. Ndani ya ule mtumbwi kulikuwa na watu aliofahamiana nao Uturuki, ambao hajui leo wako wapi. Akiulizwa kama angemshauri mtu apite alikopita, anajibu hapana kabla swali halijaisha.

La pili ni kwa wazazi mlio kwenye madarasa na makambi. Yule mama wa bonde la Ruzizi, nilipomsomea habari hii kabla ya kuitoa, alinikatiza mwishoni. Alisema kitu kilichomgusa hakikuwa bahari. Ni kwamba mtoto alikuwa na miaka minane na alikuwa hajui njia aliyopita. Akasema, "Wangu wanauliza kila siku kwa nini tulitoka nyumbani, na mimi nawaambia tumekuja kutembea." Sikumpa jibu, sina jibu la kumpa. Kila mzazi anajua mtoto wake na anajua saa.

Jumapili iliyopita, upepo ukiwa bado umelala, nilimwona asubuhi pembeni ya ziwa na watoto wake wote watano. Alikuwa amewauliza kwanza wavuvi kama viboko walionekana upande huo, na walimjibu hapana. Alikuwa na sufuria ya wali. Wadogo walikuwa wanaruka majini, yule mkubwa amekaa karibu naye, naye anamweleza kitu kwa sauti ya chini. Niliwapita mbali, sikusimama kuuliza.